Wali na Dagaa Milimani

Mwalimu afundishaye Kiswahili Gitega au Muyinga hukutana mapema na mwanafunzi asemaye, "Jana tulikula mchele." Tusimcheke. Kirundi kina neno umuceri, nalo hutumika shambani, sokoni na mezani pia. Waswahili wana mpunga, mchele na wali. Tumeona vyema kueleza historia iliyo nyuma ya maneno hayo, maana sarufi peke yake haitoshi.

Umuceri ni mchele uliovikwa vazi la Kirundi, na neno lilikuja pamoja na kitu chenyewe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa pwani walipanda mpunga Unyanyembe na Ujiji. Lakini wao walikomea ziwani. Mwami Mwezi Gisabo hakuwapa nafasi milimani, na hata Rumaliza wa Ujiji, aliyeogopwa pande nyingi za Ziwa Tanganyika, alishindwa kuiteka nchi yake. Milango ilifunguka kwa nguvu za Wajerumani. Walipohamisha makao ya utawala kutoka Usumbura hadi Gitega mwaka 1912, nyuma yao walikuwapo askari, wapagazi na wachuuzi wasemao Kiswahili. Mitaa ya Waswahili ikakua Gitega, na kadhalika Muyinga, karibu na njia iendayo Ngara. Wenyeji waliozoea maharagwe, ndizi na mtama wakauona wali kuwa chakula cha Waswahili. Na jina hilo, Mswahili, halikutamkwa kwa heshima siku zote. Leo mpunga hulimwa Imbo na katika mabonde mengi ya ndani, na hakuna arusi isiyo na wali. Chakula kimepokewa upesi kuliko watu waliokileta.

Samaki naye alikuwa na safari yake. Mukeke mbichi huharibika njiani, lakini ndagala, yaani dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, kisha hupanda milima magunia kwa magunia bila kudhurika.

Hapa Wajapani wanatufaa kwa mfano. Nao hutenga maneno kama Waswahili: mmea ni ine, punje zilizokobolewa ni kome, na kilichopikwa ni gohan, neno ambalo pia lina maana ya mlo wowote. Mpunga wao vilevile ulitoka ng'ambo, katika bara la Asia. Kando ya ziwa lao la Biwa, samaki hutiwa chumvi na kushindiliwa ndani ya wali, wakachachuka kwa miezi mingi. Hiyo ndiyo asili ya mbali ya sushi, ambayo wengi hudhani ni samaki mbichi tu. Tena wanao samaki wadogo wakavu waitwao niboshi, ambao huchemshwa ili kupata mchuzi. Niboshi huchemshwa kwanza ndipo hukaushwa, na ndagala wetu huanikwa wabichi, lakini wote ni samaki wadogo wa jamii zinazokaribiana, na kazi hiyo wanaiweza sawasawa.

Basi mlo wa namna ya Kijapani unaweza kupikwa Gitega bila kuagiza kitu. Chukua konzi mbili za dagaa wakavu, uondoe vichwa na matumbo, maana humo ndimo uchungu ulimo, kisha uwaoshe mara tatu, kwani wengi huanikwa mchangani. Waloweke nusu saa katika lita 1 ya maji, uwachemshe taratibu dakika 10, halafu uchuje. Tia chumvi na tangawizi kidogo. Vikombe 2 vya mchele vioshwe mpaka maji yatakate, virowekwe nusu saa, vipikwe kwa vikombe 2 na robo vya maji, bila mafuta wala nazi (watu wa pwani watusamehe). Usifunue sufuria, ukiepua, uache dakika 10 zaidi. Dagaa wengine wakaange wakauke. Pakua wali bakulini, weka dagaa juu na majani ya vitunguu yaliyokatwa, mchuzi uwe pembeni.

Darasani tumeona inafaa kuanza na mpunga wenyewe, ungali na maganda, upite mikononi mwa wanafunzi, kisha mchele, kisha bakuli. Kila mmoja ataje jina kabla ya kuonja.