Stesheni ya Nachingwea

Ukiwaambia vijana wa mjini kwamba Nachingwea iliwahi kuwa na stesheni ya treni, watadhani unapiga soga. Lakini ilikuwepo, na ilihudumu kwa miaka 13 tu.

Chanzo chake ni karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakubwa wa London walitaka ekari zaidi ya milioni tatu. Kusini hakukuwa na reli wala bandari ya kina kirefu, basi vyote vikajengwa. Treni zilianza kwenda Nachingwea mwaka 1949 kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, na bandari ya Mtwara ikakamilika mwaka 1954.

Hebu ziangalie tarehe hizo. Mpango wa karanga ulikuwa umeshafutwa Januari 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Yaani meli zilipoanza kufunga gati Mtwara, mzigo uliokusudiwa haukuwapo. Misitu iliyashinda matrekta, na mvua haikusoma mipango ya London.

Reli iliendelea kwa kusuasua, ikafikishwa hata Masasi. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa bado mchanga, ikafungwa kwa sababu ya hasara. Kisha ikang'olewa.

Hapo ndipo mimi huona uchungu. Hesabu ya hasara ilikuwa ya kweli, sibishi. Lakini katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi, sehemu kubwa kutoka kusini. Mzigo umekuja, reli haipo! Magunia yakapandishwa kwenye malori, katika barabara za vumbi na tope. Na masika yakiingia, Rufiji ikifurika, kusini yote huwa kama kisiwa; hali hiyo iliendelea mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003.

Siku hizi inazungumzwa reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwa ajili ya makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Safari hii mzigo umo ardhini tayari. Wazee wa Nachingwea waliosikia honi ya treni wakiwa watoto wana haki ya kuuliza jambo moja: korosho zao nazo zitapandia stesheni gani?