Hewa Isiyo na Hati

Mwaka 2009 ndio intaneti ya Kenya ilishuka kutoka angani ikaingia baharini. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, bei ikiwa ghali na kila ujumbe ukipanda juu na kushuka ndipo ufike. Mwezi Juni kebo ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah. Tarehe 23 Julai kebo ya Seacom ikawashwa. Faiba ikapanda bara hadi Nairobi, ikaanzia kwenye maofisi na mitaa ya wenye nazo, na baada ya miaka kadhaa ikafika kwetu. Kibera ikapata TunapandaNET, mtandao wa jamii, na kampuni kama Poa Internet zikaingia Kibera na Kawangware zikiuzia watu wa mapato ya kawaida.

Sasa mbona video bado inazunguka tu?

Jibu la mtaani linajulikana: hawa watu wa net ni wezi, ama kebo imekatika. Kukatika kweli hutokea. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS pale Mombasa. Mei 2024 EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikalia. Lakini siku kama hiyo kila mtu huumia. Kama ni wewe pekee unayeteseka, tena kila siku kuanzia saa moja jioni, huenda data yako imevuka bahari salama, imepanda kutoka Mombasa salama, kisha imekwama kwenye mita tatu za mwisho, kati ya rauta na kitanda chako.

Hizo mita tatu zina historia yake. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga vipande vya masafa ya redio kwa mashine za viwanda, sayansi na tiba. Kimojawapo kilikuwa karibu na 2.4 GHz, na humo ndimo maikrowevu za jikoni zikaja kufanya kazi. Kwa watu wa mawasiliano hicho kilikuwa kipande kichafu, chenye kelele. Mei 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikaruhusu vifaa vya mawasiliano vitumie vipande hivyo bila leseni. Mwaka 1997 kiwango cha 802.11 kikatoka, na kufikia 1999 kikapata jina la kibiashara tunalolijua sote: Wi-Fi.

Mtu wa Kibera anaielewa hiyo hadithi bila kufafanuliwa. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles waliwekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye msitu waliouita Kibra. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo la takriban ekari 4,200 kuwa hifadhi ya kijeshi, lakini waliokaa humo hawakupewa hati. Jiji likakua, watu wakaja kutafuta kazi, vyumba vya futi 10 kwa 10 vikabanana. Wanubi walipopata hati ya jamii mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288.

Hewa ya 2.4 GHz nayo haina hati. Yeyote anaweza kujenga, hakuna wa kumfukuza, na hakuna wa kukuhakikishia utulivu. Tofauti ni kwamba ardhini kukosa hati kumeleta ubomoaji, ilhali hewani ndiko kulikofanya rauta iwe ya bei nafuu. Kampuni za simu hulipia masafa yao pesa nyingi. Wewe hulipii ya Wi-Fi hata ndururu. Unalipa kwa kusubiri.

Kusubiri kwenyewe ni hivi. Rauta hufanya adabu: kabla ya kuongea husikiliza kwanza, na ikisikia nyingine inaongea kwenye chaneli hiyo, hungoja. Ni kama foleni ya mitungi kwenye bomba moja. Katika 2.4 GHz, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwenye ploti ya vyumba ishirini, jioni watu wakirudi, rauta zote hupanga foleni kwenye mabomba matatu. Simu moja ya zamani inayoongea polepole nayo hushikilia bomba muda mrefu, wenye mitungi midogo wakingoja nyuma.

Kwa hivyo kabla hujagombana na watu wa kampuni, pima. Unganisha laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye rauta. Kasi ikiwa sawa kwa waya na mbovu bila waya, shida iko hewani. Itoe rauta nyuma ya TV na mbali na mabati, kwa sababu mabati hurudisha mawimbi badala ya kuyapitisha. Iinue juu, lakini isikae chini kabisa ya paa linalochemka saa nane mchana. Ingia kwenye mipangilio uchague 1, 6 au 11, ile yenye watu wachache, na upana wa 20 MHz. Ukiweka 40 umekalia karibu nusu ya uwanja wa watu wote.

Kisha hamisha simu na TV kwenye 5 GHz kama rauta yako inayo. Watu huikataa kwa kuwa haipenyi kuta vizuri. Katika nyumba kubwa hiyo ni hasara. Katika chumba cha futi 10 ni faida: yako haimfikii jirani kwa nguvu, na yake haikufikii, na chaneli ziko nyingi zaidi.

Kama bado haitoshi, kuna kitu hakuna fundi wa kampuni atakufanyia: kuongea na majirani. Ploti zetu zimejua kugawana bafu, stima na kamba ya nguo bila askari kuitwa. Mlango wa kwanza achukue 1, wa katikati 6, wa mwisho 11, halafu mrudie. Hakuna hati itakayotolewa, na net itaenda.