Namba Tasa na Doti za Shangazi

Shangazi yangu wa Ng'ambo, Tabora, hakujaliwa mtoto. Mtaani walimwita tasa. Nilikuwa darasa la tano siku mwalimu alipoandika ubaoni "namba tasa"; wenzangu wakaangua kicheko, wakanigeukia. Mwalimu akaeleza: ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mimi nilibaki na lile neno tu.

Jioni nikamkuta shangazi akikunja khanga zake za kuuza, nikamwambia. Hakukasirika. "Haya, nihesabie hizo doti basi."

Doti ni neno lenye historia kwetu. Karne ya 19, misafara ikitoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea Ujiji, nguo ndiyo ilikuwa fedha. Merikani, kitambaa cha pamba kutoka Marekani, kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka. Shuka 2 ni doti, yaani mikono 8. Hesabu ya kurudufu: 2, 4, 8. Toa mkono mmoja kwenye shuka, inabaki 3. Kwenye doti, 7. Zote tasa. Mikono 7 wapagazi hawagawani sawasawa bila kukata mkono, labda wawe saba kamili.

Lakini usijiamini haraka. 16 kutoa 1 ni 15, inagawanyika. 32 kutoa 1 ni 31, tasa. Hata kipeo kikiwa tasa si dhamana: 2 kwa kipeo cha 11, kutoa 1, ni 2047, nayo ni 23 mara 89.

Mwaka 1876 Mirambo, ambaye vita vyake viliitikisa njia ya Tabora na Ujiji, alikutana na Stanley wakachanjiana. Mwaka huohuo, huko Ufaransa, Édouard Lucas alithibitisha, bila mashine, kwamba 2 kwa kipeo cha 127, kutoa 1, ni tasa. Ina tarakimu 39. Hakuijaribu kwa kila kigawo, asingemaliza. Alibuni njia ya mkato. Ile iliyotangazwa Oktoba 2024, kwa msaada wa kompyuta, ina tarakimu 41,024,320, na ni ya ukoo uleule: rudufu, kisha toa moja.

Nilichochelewa kukielewa ni hiki. Kila namba nzima kuanzia 2, kama si tasa yenyewe, basi ni zao la namba tasa: 15 ni 3 mara 5, 8 ni 2 mara 2 mara 2. Kwa hiyo jina limekosea upande. Namba hizi hazikosi watoto, zinakosa wazazi. Wengine wote wametoka kwao.

Sisi wanne, watoto wa kaka yake, tulisomeshwa na zile doti za khanga. Sikuwahi kumweleza haya. Lile jina la mtaani nililisikia tena msibani kwake, likinong'onwa jikoni, na mimi nikanyamaza.