Pointi Sita za Kusafisha Mtaa

Mwaka 1987 taka za Mathare, mitaa ya mabanda iliyosongamana bondeni jijini Nairobi, hazikuwa na mzoaji. Zilijaa vichochoroni na kuziba mitaro, na mvua kubwa iliponyesha maji machafu yaliingia hadi vitandani. Malaria na homa ya matumbo viliwaandama watoto. Hata hivyo, kandanda ilichezwa kila palipobaki nafasi, kwa mpira wa mifuko ya nailoni iliyoviringishwa na kukazwa kwa kamba.

Mwaka huo Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa masuala ya mazingira na maendeleo, aliwasaidia vijana kuanzisha ligi. Chama chao kikaitwa Mathare Youth Sports Association, au MYSA. Timu iliyotaka mpira wa kweli na ratiba ya mechi ilipaswa nayo iutumikie mtaa.

Jedwali la ligi hiyo lilikuwa la aina yake. Ushindi uwanjani ulileta pointi 3. Timu iliyoshika majembe, sepeto na mikokoteni ikausafisha mtaa wake ilipata pointi 6. Hivyo waliofungwa waliweza kuwapita waliowafunga kwa kuzibua mtaro. Kwangu hii ndiyo kanuni yenye busara kuliko zote za chama: iliutia usafi ndani ya jambo ambalo mtoto alilipenda tayari, naye akaukimbilia bila kuhubiriwa. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa liliipa MYSA tuzo yake ya Global 500.

Uendeshaji nao ulikuwa mikononi mwa vijana. Kila eneo lilichagua viongozi kutoka kwa wachezaji wake, na wengi wao walikuwa bado watoto wa shule. Ndio waliopanga mechi, wakapuliza filimbi na kuwafundisha wadogo zao.

Wasichana walianza kucheza mwaka 1992, na haikuwa rahisi. Wazazi wengi walisita. Binti akienda uwanjani, nani angechota maji, nani angembeba mtoto mgongoni? Swali hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa mama wengi walikuwa vibaruani kutwa nzima.

Kujitolea kulihesabiwa pia. Kijana aliyefundisha, aliyekuwa refa au aliyewaelimisha wenzake kuhusu UKIMWI alikusanya pointi zake binafsi, na waliofanya vizuri walilipiwa karo. Fedha zilipelekwa moja kwa moja shuleni.

Mwaka 1994 ikazaliwa timu ya wakubwa, Mathare United. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi, kijana aliyelelewa na MYSA. Wachezaji wake nao walitakiwa kuutumikia mtaa na kuwafundisha watoto.