Springi ya mpira na springi ya koili: istilahi na uamuzi

Mwenye Mini ya zamani, ile iliyozinduliwa Uingereza tarehe 26 Agosti 1959, hufika wakati akajiuliza jambo ambalo wenye magari mengine hawalifikirii: abaki na springi za mpira ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, au azing'oe aweke koili za chuma? Kwa msomaji wa Kiswahili swali hili lina ugumu wa ziada, kwa kuwa kwa wengi wetu springi ni chuma. Ukimwambia mtu kwamba gari halina koili wala springi za bapa, atadhani umemwambia halina springi kabisa. Mini inazo nne, moja kwa kila gurudumu, na zote ni mpira.

Gereji zetu zimegawa majina haya kwa umbo. Springi peke yake, hasa kwa wanaoshughulika na malori na pikapu, ni zile bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Ya kuzunguka ni koili, au koili springi. Bomba lenye mafuta ndani ni shokapu. Kipande chochote cha mpira ni raba au bushi. Mgawanyo huo unatosha kabisa kwa fundi anayemtuma kijana dukani. Unapotaka kueleza kinachotokea gurudumu likiingia shimoni, hautoshi, kwa sababu kipande cha mpira kinachobeba uzito wa gari zima kitaitwa bushi, jina la kitu kinachotenganisha vyuma visisagane.

Kiswahili kina neno kongwe linalotutoa hapo: kamani. Lilikuja kwa njia ya Bahari ya Hindi, na asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya upinde. Mafundi wa saa ndio waliolizoea zaidi. Upinde ukivutwa hupinda na kuiweka ndani yake nguvu ya mkono, ukiachiwa, huirudisha. Maana hiyo haidai chuma wala mzunguko. Ni kitu kinachokubali kubadilika umbo kikielemewa, kikaihifadhi nguvu hiyo, kisha kikairudisha mzigo unapopungua. Sipendekezi tuache kusema springi, maana neno limeshaota mizizi. Napendekeza tulipe maana ya kamani, tuite kwa kazi: springi ya koili, springi ya bapa, springi ya mpira.

Kuhusu mfumo mzima, nimekutana na tafsiri ya «mfumo wa kusimamisha», na naikataa bila kusita. Anayesimamisha gari ni breki. Mafundi wa Tanzania wana neno zuri kuliko hilo, miguu: miguu inagonga, miguu ya mbele imekwisha. Ndani ya neno hilo mna mikono ya chuma, vifundo, bushi, springi na shokapu pamoja. Kwenye maandishi ya kiufundi saspensheni inafaa, lakini anayeandika kwa ajili ya watu asione haya kuandika miguu.

Sasa turudi Uingereza, maana mpira huu una historia. Baada ya mgogoro wa Suez wa 1956 petroli ilikuwa ya mgao, na Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya BMC, alimtaka Alec Issigonis abuni gari dogo la kweli. Issigonis alikuja na gari la urefu wa takriban mita 3.05, la watu wanne, lenye magurudumu ya inchi 10. Katika ukubwa huo kila sentimita iligombewa, na koili ya kawaida yenye shokapu ndefu ingekula nafasi ya miguu ya abiria au ya mizigo. Aliyetoa jibu ni rafiki yake Alex Moulton wa mji wa Bradford-on-Avon. Ukoo wa Moulton ulikuwa katika biashara ya mpira tangu 1848, Stephen Moulton alipofungua kiwanda mjini hapo, na Alex alikuwa ameshatumia miaka mingi akiuchunguza mpira kama springi, wala si kama kizuizi cha mtetemo tu.

Alichotengeneza ni koni: vipande viwili vya chuma vilivyogandishwa pamoja na bonge la mpira katikati. Mzigo ukija, mpira unagandamizwa na wakati huohuo unavutwa kwa ubavu. Koni ni fupi, na haiwezi kubonyea sana. Ndiyo maana kati ya koni na gurudumu kuna mkono wa chuma unaofanya kazi kama wenzo: gurudumu linapanda mwendo mrefu, koni inabonyea kidogo tu. Kati ya mkono na koni kuna kipande cha aloi chenye umbo la tarumbeta, na ncha yake imekaa kwenye kifundo, yaani tufe dogo ndani ya kikombe. Koni za mbele zimesimama. Za nyuma zimelazwa, na hapo ndipo buti ilipopata nafasi yake.

Lakini sababu kubwa ya mpira haikuwa nafasi peke yake. Ipo istilahi moja lazima tuielewe: ukakamavu, yaani kiasi cha mzigo kinachohitajika kuibonyeza springi kwa kipimo fulani. Koili ya kawaida ina ukakamavu usiobadilika. Kama kilo 50 zinaibonyeza sentimita 1, kilo 50 nyingine zitaibonyeza sentimita 1 nyingine. Mpira wa Moulton una ukakamavu unaopanda: kadiri unavyobonyea ndivyo unavyozidi kukataa. Mini tupu ina uzito wa takriban kilo 600. Watu wazima wanne wa kilo 70 ni kilo 280, karibu nusu ya uzito wa gari. Gari la kilo 1,500 likibeba watu walewale halijaongezewa hata sehemu moja ya tano. Kwa hiyo katika gari dogo, koili laini ya kumfaa dereva akiwa peke yake italala chini abiria wakijaa, na iliyo ngumu ya kuwafaa wanne itamtingisha dereva siku yuko peke yake. Mpira hukubaliana na hali zote mbili.

Tofauti ya pili ni ya nguvu inayorudi. Chuma hurudisha karibu yote kiliyopewa, ndiyo maana gari lenye koili na shokapu mbovu hudunda barabara nzima. Mpira huila sehemu ya nguvu hiyo na kuigeuza joto, kwa hiyo ndani ya koni mna springi na chembe ya shokapu. Anayeng'oa koni akaweka koili na kuziacha shokapu zilezile ameondoa vitu viwili na kurudisha kimoja. Wengi wanaolalamika kwamba Mini yao ya koili inayumba kama mashua wana tatizo hilo, na tiba yake ni shokapu zilizochaguliwa kuendana na koili, wala si kurudi kwenye mpira kwa hasira.

Kampuni yenyewe ilijaribu njia ya tatu. Kuanzia 1964 Mini za saluni zilipewa Hydrolastic, kazi nyingine ya Moulton, ambamo kimiminika kilipita kwenye bomba kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma upande uleule. Ilikuwa laini zaidi, na pia ya gharama na uzito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imeondolewa, koni zikarudi, na zilibaki hadi Mini ya mwisho ilipotoka kiwanda cha Longbridge mwaka 2000. Asemaye kwamba mpira wa kawaida ni wa gari la watoto akumbuke kwamba dereva Paddy Hopkirk alishinda Rali ya Monte Carlo kwa Mini Januari 1964, kabla Hydrolastic haijaingia kwenye Mini.

Ubaya wa mpira ni uzee. Mafuta huuharibu, hewa huupasua, na mzigo wa miaka mingi huufanya usirudi tena kwenye umbo lake. Hali hii ya mwisho mafundi wana jina lake tayari: gari limelala. Hilo ndilo neno la kiistilahi ninalolitetea kuliko yote, kwa kuwa linataja hali ya kudumu, tofauti na kubonyea, ambako ni kwa muda. Mpira uliolala hauna tena mwendo wa kubonyea, kwa hiyo gari linakuwa chini na gumu kwa pamoja. Mwenye gari anasafiri kwenye mpira wa namna hiyo, anafunga koili mpya, anaona nafuu kubwa, kisha anasema koili ni bora. Amelinganisha kitu kizee na kitu kipya. Alipaswa kulinganisha na koni mpya, na vifundo vipya vilivyopakwa grisi, kwa sababu kifundo kilichokauka hugonga kiasi cha kumfanya mtu aulaumu mpira bure.

Uamuzi wangu uko wazi. Gari linaloendeshwa kila siku na mtu mmoja au wawili kwenye lami, mzigo wake haubadiliki sana, linaweza kuvaa koili na shokapu zake, na mgongo wa dereva utashukuru. Gari linalobeba familia leo na kesho liko tupu, au linalopitishwa kona kwa kasi, au ambalo mwenyewe anataka kulitunza kama lilivyobuniwa, libaki na mpira. Hata upimaji wa jiometri ya magurudumu unasimama vizuri zaidi juu ya springi ambayo mkono wa gurudumu ulichorewa.

Akishaamua mpira, asikimbilie kupima kimo cha gari siku ya kufunga. Koni mpya huliinua gari juu kuliko inavyotakiwa, na hushuka zenyewe katika wiki za mwanzo za kuendeshwa. Fundi aziache zishuke, kisha apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia, ndipo arekebishe.