Nani Amepima? Kutoka Ziwa Nyos hadi Ziwa Kivu

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

 

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maji. Mama mmoja akaniita: "Wewe mtoto wa redio, njoo. Maji haya ya bomba yananuka dawa. Ya mtoni ni meupe na hayanuki kitu. Ninywe yapi?" Nilimjibu haraka haraka kwamba anywe ya bomba. Akatikisa kichwa, akajaza bidoni yake, akaenda. Niliona sijamjibu. Mama, kama unasikiliza, historia ya leo ni jibu lako. Inaanzia mbali kidogo, Kameruni.

(Muziki mfupi.)

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 21 Agosti 1986. Mnamo saa 3 usiku, watu wanaoishi karibu na Ziwa Nyos, kaskazini-magharibi mwa Kameruni, walisikia mngurumo. Kulipokucha, katika vijiji vya Nyos, Kam, Cha na Subum, zaidi ya watu 1,700 walikuwa wamekufa. Ng'ombe zaidi ya 3,000 walikuwa wamelala chini. Nyumba zilikuwa zimesimama vilevile. Hapakuwa na moto wala mafuriko. Ziwa, ambalo siku zote lilikuwa la buluu, lilikuwa limegeuka jekundu.

Ndugu zangu, penye msiba usio na maelezo, uvumi haukosi. Wengine walisema ni laana. Wengine walisema wazungu wamejaribu bomu. Hata wataalamu waligawanyika: kundi moja lilisema volkano imelipuka chini ya ziwa, lingine likasema gesi imetoka ndani ya maji yenyewe.

Ugomvi huo uliamuliwa kwa vipimo. Watafiti waliingia ziwani wakashusha vyombo vya kufunga hadi chini kabisa, kina cha mita 200 hivi. Walipovipandisha, maji yalitoa povu kama soda iliyotikiswa. Walipima gesi hiyo wakakuta karibu yote ni hewa ukaa, ile ile tunayoitoa tunapopumua. Walipima joto la maji ya chini, hayakuwa ya moto kama ya mahali palipolipuka volkano. Walipima salfa, ilikuwa kidogo sana.

Hapo wakaelewa. Gesi ilikuwa imetoka ardhini polepole kwa miaka mingi, ikajikusanya chini ya ziwa. Usiku ule maji ya chini yalipanda juu na gesi ikafumuka. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, mara moja na nusu. Kwa hiyo haikupanda angani. Ilitiririka mabondeni kama maji, ikawafikia watu waliokuwa kilomita nyingi kutoka ziwani.

Na ule wekundu? Ulikuwa chuma kilichopanda kutoka chini na kushika kutu kilipokutana na hewa. Watu waliogopa rangi ya maji, kumbe kilichoua hakikuwa na rangi. Baadhi ya walionusurika walisema walisikia harufu ya mayai mabovu, lakini vipimo havikuonyesha salfa ya kutosha kuleta harufu hiyo. Hewa ukaa ikizidi inavuruga hata hisia za mtu. Jicho lilidanganya, na pua pia.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi. Maelfu ya walionusurika walihamishiwa kambi saba. Waliuliza swali ambalo nalisikia hapa kila siku: tutarudi lini? Jibu halikuweza kutoka kwa chifu wala kwa ofisa. Lilitegemea kiasi cha gesi kilichobaki ziwani. Mwaka 2001 liliwekwa bomba la kudumu la kunyonya maji ya chini na kuiachia gesi kidogo kidogo. Mwaka 2011 yaliongezwa mabomba mawili. Hesabu kutoka 1986 hadi 2011: ni miaka 25. Mtoto aliyefika kambini mgongoni mwa mama yake alikuwa tayari mtu mzima.

(Muziki mfupi.)

Turudi kwetu. Tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Lava ilikata mji wa Goma katikati na kuingia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi, Rwanda. Hofu ilikuwa kubwa, kwa sababu Kivu nalo lina hewa ukaa chini yake, pamoja na methani, kwa wingi kuliko Nyos mara nyingi sana. Je, lava ingeliamsha ziwa?

Watafiti walishusha vyombo tena. Walikuta lava imeteremka ndani ya maji kiasi cha mita 100 hivi, wakati gesi nyingi imelala chini ya mita 250. Tabaka hilo halikuguswa. Habari hiyo haikurudisha nyumba zilizoungua, lakini iliondoa hofu moja kubwa.

Wenye kutoka upande wa Goma na Sake mnalijua neno mazuku: mashimo na mabonde ambamo hewa mbaya hulala alfajiri, mbuzi akashuka asirudi. Neno hilo la kwetu leo linaandikwa na wanasayansi wa dunia nzima. Wazee walitambua mazuku kwa wadudu waliokufa au taa kuzimika. Ni elimu ya kweli, lakini haitoshi. Hewa ukaa inaweza kumdhuru mtu taa ikiwa bado inawaka, ndiyo sababu wanaoingia hutumia kifaa cha kupimia.

Tena upande huo, moshi wa volkano huchanganyika na mvua na kuleta floraidi katika maji yanayokingwa juu ya mabati. Maji ni meupe kabisa, lakini meno ya watoto yanakuwa ya kahawia. Kuyachemsha hakuondoi floraidi, na dawa ya klorini haiiondoi. Kila sumu ina kipimo chake na tiba yake.

Nyiragongo ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Siku 5 baadaye watu wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka. Kabla ya mlipuko huo, kituo cha kuchunguza volkano pale Goma kilikuwa kimepungukiwa fedha, hata za intaneti ya kupokelea vipimo. Kupima kunagharimu, lakini kutopima kunagharimu zaidi.

(Muziki mfupi.)

Basi mama yangu wa kwenye foleni, nikujibu sasa. Julai 1994, katika kambi za wakimbizi kuzunguka Goma, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu kwa wiki chache. Maji mengi waliyokunywa hayakuwa yametiwa dawa. Kijidudu cha kipindupindu hakionekani na hakinuki.

Harufu unayoisikia bombani ni klorini iliyobaki baada ya kuua vijidudu. Inalinda maji hadi nyumbani, ndani ya bidoni yako. Mpimaji huchota maji, hutia kidonge kidogo, na maji hugeuka ya pinki. Analinganisha rangi ili ajue kama klorini imefika walau miligramu 0.2 kwa lita. Maji yakibaki meupe, hayana ulinzi.

Sikuambii uamini redio. Nakuambia uliza: nani amepima, amepima nini, lini, na wapi? Ni haki yako kuuliza. Mwombe mpimaji akuonyeshe rangi hiyo kwa macho yako. Asiyekubali kuulizwa, mpelekeni kwenye kamati ya maji.

Mimi ni mtangazaji wenu. Tuonane wiki ijayo.

(Muziki wa kufunga.)

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:
1. Katika mtaa wenu, nani hupima maji, na majibu yanatangazwa wapi?
2. Ni hatari gani mnayoijua ambayo haionekani wala kunuka?
3. Wazee wenu walitambuaje maji au hewa mbaya? Waambieni watoto.