Kutoka Podoni Hadi Sindanoni

Mti wenyewe hautishi. Ni mti mfupi, mara nyingi kichaka tu, wenye majani magumu yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na maua madogo meupe yaliyosongamana vichala vichala, yenye wekundu kidogo shingoni na harufu inayokaribia ya asumini. Tunda likiiva huwa la zambarau iliyokolea, na ndege hulila bila wasiwasi. Kwa Kiswahili ni msungu. (Msungu, si mzungu, ingawa wazungu nao wataingia hadithini muda si mrefu.) Wakamba huuita kivai, Wamaasai olmorijoi, Wagikuyu mũricũ. Wagiriama husema mutsungu, na sumu inayotokana nao ni utsungu, neno lile lile la uchungu. Kwa wataalamu wa mimea ni Acokanthera schimperi.

Magome, vijiti na mizizi ya mti huu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka kibaki kitu kizito, cheusi kama lami. Hicho ndicho kilichoangusha tembo wa nyika ya Tsavo vizazi na vizazi. Na kitu kilicho ndani ya lami hiyo, pamoja na kile cha nduguye wa porini, mmea utambaao uitwao strofanto, ndicho kilichodungwa katika mishipa ya wagonjwa wa moyo huko Ulaya kwa miaka mingi ya karne ya 20. Tukisimuliwa habari hii kwa kawaida huanza na daktari, naye mwindaji hutajwa kama mtu aliyekuwa amesimama pembeni. Mimi naona hesabu hiyo imekosewa.

Sumu za mishale ya Afrika ni za kale mno. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika zaidi ya miaka 2,200 iliyopita kwamba huko Uhabeshi kuna mzizi wa kufisha ambao watu hupaka mishale yao. Hatuna haja ya kubishana ulikuwa mzizi gani. Kutoka Pembe ya Afrika hadi Ziwa Eyasi, kila jamii ya wawindaji ilikuwa na sumu yake. Wahadzabe wa Eyasi wana mbili: panjube, itokanayo na adeniamu, ndugu wa yale maua ya rangi ya waridi yenye shina nene yanayouzwa leo kwenye vitalu vya kandokando ya barabara, na shanjo, itokanayo na mbegu za strofanto. Aina hiyo ya strofanto imepewa na wanasayansi jina la Emin Pasha, mtu ambaye sidhani kama aliwahi kuvuta upinde.

Mabingwa wa tembo, lakini, walikuwa Waata, waishio kati ya Tsavo na Mto Tana. Pinde zao zilikuwa ngumu kiasi kwamba wanaume wengine wenye nguvu zao walishindwa kuzivuta. Sumu mara nyingi waliinunua kwa Wagiriama, na mnunuzi hakununua kwa kumwamini muuzaji. Alijikata kidogo mkononi, akaiacha damu ichirizike kuelekea chini. Kisha akagusisha chembe ya sumu kwenye ncha ya ule mchirizi, mbali na jeraha, akatazama. Sumu ikiwa nzuri, damu hubadilika rangi na kuwa nyeusi, na ule weusi hupanda juu kuufuata mchirizi. Kasi ya kupanda ndiyo bei. Kabla haujafika kwenye jeraha, mtu aliipangusa damu yake haraka. Aliyechelewa hakupata nafasi ya kulalamikia bidhaa.

Katika kitendo hicho kimoja kuna mambo matatu ambayo mwindaji aliyajua. La kwanza, sumu ya kopo hili si sawa na ya kopo lile, na kinachozeeka hupoteza nguvu. Ndiyo maana Wakamba hukifunga kigumba kwa utepe wa ngozi laini kisikauke. La pili, mti huu si sawa na mti ule hata kama majani yanafanana. La tatu ndilo kubwa: sumu hii hupita kwa damu, si kwa mdomo. Mnyama aliyeanguka kwa msungu aliliwa, nyama ikitolewa tu pale mshale ulipoingia. Ulaya ilihitaji karibu nusu karne kuyapata yote matatu.

Ilianza na mswaki. John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, alikuwa katika msafara wa David Livingstone wa Zambezi ulioanza mwaka 1858. Huko Mto Shire, katika nchi ambayo leo ni Malawi, wawindaji walitumia sumu iitwayo kombe. Kirk alichukua kidogo akaitia mfukoni, na mfuko huo huo ulikuwa na mswaki wake. Siku aliposugua meno akahisi uchungu usio wa kawaida, na alipojipima mapigo ya moyo akakuta yamepungua. Mtu mwingine angesukutua na kutema. Kirk aliandika. Tunamfahamu zaidi kwa kazi ya baadaye, alipokuwa balozi wa Uingereza Unguja na kumshinikiza Sultani Barghash kulifunga soko la watumwa mwaka 1873, na jina lake la Kilatini limebaki kwa kima punju wa Jozani. Lakini huenda mswaki ule ndio ulioyagusa maisha ya watu wengi zaidi.

Sumu ya kombe ilifika Edinburgh mikononi mwa Thomas Fraser, aliyekwisha kujijengea jina kwa kuchunguza harage la Calabar, lile la kiapo cha wachawi. Fraser aliona kwamba kombe hukaza misuli ya moyo: kidogo huufanya upige kwa nguvu na kwa utulivu, kikizidi huusimamisha ukiwa umejikunja kama ngumi. Waingereza walikuwa na dawa ya namna hiyo tangu mwaka 1785, pale William Withering alipoandika kuhusu jani la digitali. Mwaka 1885 Fraser aliwaeleza madaktari wenzake matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa maji ya mbegu za strofanto, na biashara ikalipuka. Mbegu zenye manyoya ya hariri zikaanza kusombwa kutoka Afrika Mashariki na Kusini.

Hapo somo la kwanza na la pili yakawarudia. Magunia yalifika yakiwa na mbegu za aina mbili tatu zilizochanganywa, nyingine hazina nguvu. Wakemia wakabuni kipimo: unaikata mbegu, unaidondoshea asidi ya salfa, na ikiwa ni kombe halisi inageuka kijani. Mtu amesimama mezani, ameinama, anatazama rangi ikibadilika ili ajue kama amepunjwa. Sioni tofauti kubwa kati yake na yule wa Tsavo, ila huyu hakuhatarisha mkono wake.

Mjini Paris, mwaka 1888, Léon-Albert Arnaud alikuwa akishughulika na vijiti vya mti wa sumu kutoka kwa Wasomali, wa jamii ya msungu wetu, ambao wenyewe huuita waabaayo. Akatoa ndani yake fuwele nyeupe safi, akaipa jina ouabaïne. Sisi tunaweza kuiita wabaini, na tukifanya hivyo tunakuwa tumelirudisha jina karibu na nyumbani kwake. Muda mfupi baadaye aliikuta fuwele ile ile katika mbegu za strofanto ya Gabon. Mimea miwili tofauti, wawindaji wasiojuana, pande mbili za bara, na sumu moja.

Hata hivyo dawa ya strofanto ilikuwa ikiwachezea madaktari. Mgonjwa mmoja alimeza matone akapata nafuu. Wa pili alimeza kiasi kile kile, asisikie lolote. Miaka 20 ilipita hivyo. Mwaka 1906 Albert Fraenkel alitangaza alichokifanya katika hospitali ya Strasbourg: aliacha matone, akachukua sindano, akaitia strofantini, kiini cha mbegu za strofanto, moja kwa moja ndani ya mshipa. Watu waliokuwa wakihema wameketi kitandani, miguu imevimba, midomo imekuwa ya bluu, walianza kupumua vizuri baada ya dakika chache. Sababu ni rahisi: utumbo hunyonya kiasi kidogo sana cha sumu hii, na hicho kidogo hakitabiriki. Kwa maneno mengine, Fraenkel aligundua mshale. Kwa miongo iliyofuata hospitali za Ujerumani hazikukosa strofantini.

Kuna sura moja ya kati ambayo huwa inasahauliwa, na inachekesha kwa uchungu. Mwaka 1948 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walimpa kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea, naye akatembea. Kotisoni hiyo ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua nyingi mno na kwa gharama ya kutisha. Ndipo ikakumbukwa kwamba strofanto moja ya Afrika Magharibi, Strophanthus sarmentosus, ina kitu kinachoweza kurahisisha njia. Mwaka 1949 misafara ikaingia misituni kutafuta mbegu, na zikajaribiwa kupandwa Marekani. Lakini mmea huu una maringo. Ni wa kutambaa, unataka mti wa kushikilia, na hauzai upesi. Tena Tadeus Reichstein na wenzake wa Basel waligundua kwamba mimea iliyofanana kwa jani na kwa ua, ile yenye mikia mirefu inayoning'inia kama nyuzi, ilitofautiana kabisa kwa kilichomo ndani ya mbegu. Mti huu si sawa na mti ule. Kufikia mwaka 1952 kotisoni ilikuwa imepata njia nyingine, kupitia kiazi kikuu cha porini huko Mexico na kuvu wa maabara, na strofanto ikaachwa msituni ilikokuwa.

Mwaka wa 1957 ni wa kuangaliwa pande mbili kwa wakati mmoja. Huko Tsavo, askari wa hifadhi chini ya David Sheldrick walikuwa katika kampeni kali dhidi ya ujangili, na Waata, ambao ardhi yao ya uwindaji ilikuwa imefanywa hifadhi mwaka 1948, walikamatwa pamoja na pinde na makopo ya sumu, wakapelekwa jela. Huko Aarhus, Denmark, Jens Christian Skou alichapisha habari za kimeng'enya alichokipata katika neva za kaa. Mwaka uliofuata, mkutanoni Vienna, alikutana na Robert Post wa Marekani, naye akamuuliza swali moja: je, wabaini inakizuia? Skou hakuwa amejaribu. Akapiga simu maabara kwake. Jibu lilikuwa ndiyo, na kwa jibu hilo ilijulikana kwamba kimeng'enya kile ndicho pampu inayotoa sodiamu tatu nje ya seli na kuingiza potasiamu mbili, saa zote, katika mwili wa kila mnyama. Wabaini huiziba pampu. Sodiamu hujaa, kalsiamu huifuata, moyo hujikaza. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Sumu iliyompeleka mmoja jela ilimfungulia mwingine mlango wa Stockholm, na wa kwanza ndiye aliyekuwa ameipima kwa damu yake mwenyewe.

Siku hizi sindano za strofantini zimepitwa na dawa nyingine, ingawa maabara bado hununua wabaini kila inapohitajika kuizima pampu ile. Nao msungu umebaki vichakani, na katika bustani utamkuta nduguye wa Afrika Kusini amepandwa kwa ajili ya maua tu.

Wala si binadamu peke yake autumiaye msungu. Mwaka 2011 Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika, akiwa na wenzake kutoka Kenya na Uingereza, alieleza habari za panya mkubwa mwenye manyoya marefu, mweusi kwa mweupe, ambaye mbwa wakimuuma huugua, na wengine hufa palepale. Panya huyo aliwekewa matawi ya msungu. Akayabandua magome, akayatafuna bila kuyameza, kisha akayapaka mate yale ubavuni, kwenye mstari wa nywele za pekee. Nywele hizo zilipotazamwa kwa hadubini zilionekana zina matundu matundu kama sponji, zikiifyonza sumu na kuitunza isikauke.